Sungura Mzee Hasemi Panapomuuma

Sungura wengi wa kwetu, Tanzania na Kenya, hawazeeki. Wa nyama huchinjwa wakiwa na miezi 3 hadi 5, majike ya kuzalisha huondolewa bandani baada ya miaka miwili mitatu, na wale wa watoto mara nyingi hawamalizi mwaka kabla mbwa wa jirani hajawafikia. Ndiyo maana anapotokea mmoja akavuka hayo yote, akafika miaka 6, 8, hata 10, nyumba nzima hakuna anayejua sungura mzee anafananaje. Watu wanaona amepunguza kurukaruka, wanasema ametulia, amepata adabu. Wengine wanashukuru.

Kumbe hajatulia. Nyonga zinamuuma.

Ugonjwa wenyewe ni uleule unaowafanya wazee wetu washike kiuno wanapoinuka kitini: baridi yabisi inayotokana na kuchakaa kwa maungio. Pale mifupa inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu, utando mgumu lakini telezi unaoifanya iteleze bila kukwaruzana. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likishalika halioti tena kama ngozi iliyochubuka. Maungio yanavimba, kisha mwili unajaribu kujitibu kwa kuotesha vijifupa pembeni, navyo vijifupa hivyo vinazidi kuyakaza. Kwa sungura panapoanza kuharibika zaidi ni nyonga, magoti, viwiko na pingili za kiunoni. Pingili zikishaotesha mifupa ya kuziunganisha, mgongo uliokuwa unajikunja na kujinyoosha kila mnyama anaporuka unabaki mkavu.

Umri wenyewe unatosha kuleta hali hii, ila tunausaidia. Mabanda yetu yamejaa New Zealand weupe na California, mbegu zilizokuzwa kwa ajili ya nyama, ambao wakikomaa huwa na kilo 4 hadi 5. Mzito wa namna hiyo akiishi miaka mingi juu ya sakafu ya waya, bila nafasi ya kukimbia, analishwa pumba na mabaki ya mkate, maungio yake yanabeba mzigo ambao hayakuumbiwa. Na kuna lile la kumnyanyua kwa masikio. Karibu kila soko unalikuta, na wanaolifanya huamini ndivyo anavyoshikwa. Mifupa ya sungura ni myepesi mno, takriban asilimia 8 tu ya uzito wake, ilhali misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu za kutisha. Akining'inizwa na kupiga teke hewani bila kushikiliwa matako, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Wengine hawavunjiki ila wanateguka, wanapona nusu, na jeraha lile linarudi kudai chake miaka mitano baadaye.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna mficha maradhi hodari kuliko mnyama huyu. Porini, anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza. Basi sungura aliye na maumivu hapigi kelele, hajilazi akalia, wala hachechemei ukimtazama. Atakaa kimya, amejikunja, macho nusu wazi, nawe utadhani anasinzia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha kipimo cha kusoma uso wa sungura anayeumia, baada ya kuwarekodi sungura waliokuwa wakichorwa alama masikioni. Mambo ya kutazama ni matano: macho yanabanwa, mashavu yanabonyea, pua inachongoka badala ya kuwa na umbo la mviringo, sharubu zinabadili mkao, na masikio yanakunjwa yakalala nyuma. Ni chombo kizuri, na mwenye sungura hapotezi kitu akikijua. Ila kilitengenezwa kwa maumivu ya ghafla. Maumivu ya miezi na miaka sungura huyazoea, akayafunika hata usoni. Hayo utayasoma kwenye vitu vinavyomzunguka: beseni lake la choo, kucha zake, masikio yake, manyoya ya matako.

Nilishuhudia usomaji wa namna hiyo Arusha, Julai moja yenye baridi ya kukata, nyumbani kwa mama mmoja mstaafu. Daktari wa mifugo, kijana ambaye bado alikuwa na matope ya zizi la mtu kwenye mabuti, alikuwa ameitwa kumwona Pamba, jike jeupe la miaka 8. Wajukuu waliomwachia bibi yao mnyama huyo walikuwa wameshaondoka kwenda shule za bweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa wako huyo hapo, amekuwa mchafu. Zamani alikuwa anaingia mwenyewe kwenye beseni lake, siku hizi anajisaidia pembeni. Nadhani uzee umemharibu akili."

Daktari hakumgusa sungura. Alichuchumaa mbele ya beseni, akapima ukingo wake kwa mkono: shibiri nzima na zaidi kidogo. Kisha akaonyesha sakafuni. Vinyesi havikuwa vimetawanyika chumba kizima. Vilikuwa vimerundikana upande mmoja, vimegusana na beseni.

"Mama, akili yake nzima kabisa. Amefika mpaka mlangoni, ameshindwa kupanda."

Akatandika blanketi, akamweka Pamba katikati, akarudi nyuma akangoja. Ilichukua muda mnyama kusogea. Aliposogea, hakuruka, alikuwa akitanguliza miguu ya mbele halafu anaivuta ile ya nyuma kwa pamoja, hatua fupifupi, makalio yakiwa chini. Mara akasimama, akainua mguu wa nyuma kutaka kujikuna sikio. Mguu ulipiga hewa mara nne tano, chini kabisa ya sikio, kisha ukashuka. Daktari akalifunua sikio lile: nta nzito ya kahawia imejaa. Kucha zilikuwa zimepinda kwa kutolika ardhini. Manyoya ya mgongoni, karibu na mkia, yalikuwa yameshikamana na yana ukoga mweupe, kwa sababu ulimi haufiki tena huko. Ndani ya mapaja palikuwa na rangi ya njano ya mkojo.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho bibi alikiita kuhara. Chini ya mkia palikuwa na kinyesi laini, cheusi, kimegandamana. Sungura ana aina mbili za kinyesi. Kuna zile gololi kavu tunazozijua, na kuna kile laini kinachotoka kwa vishada, chenye protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo wake. Hiki cha pili anainama na kukila moja kwa moja kinapotoka, na ndiyo maana mwenye sungura mzima huenda asikione maisha yake yote. Mgongo ukikakamaa hawezi kuinama. Kinyesi kinabaki nyuma, na mnyama anakosa lishe yake. Pamba hakuwa anahara hata kidogo.

Lakini si kila sungura anayeburuta miguu ana baridi yabisi, na hapa ndipo kujitibia kunapokosea. Kuna kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, Encephalitozoon cuniculi, kinachoshambulia ubongo, neva na figo. Kinaweza kulegeza miguu ya nyuma au kumwacha mnyama amepinda kichwa. Kuna vidonda vya nyayo vinavyoletwa na waya na uchafu. Kuna mchanga wa chokaa kwenye kibofu, maana sungura hutoa kalisi iliyozidi kwa njia ya mkojo. Hata meno yaliyorefuka huacha manyoya machafu, kwa kuwa mwenye mdomo unaouma hajisafishi. Daktari anatofautisha kwa kushika, kukunja na kunyoosha kila kiungo, kisha kwa picha ya eksirei. Kwa mashine hiyo, pa kuanzia kuulizia ni hospitali za kufundishia za wanyama, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) mjini Morogoro au ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Ukimpeleka, mchukulie na majani yake. Mtu yeyote akikwambia mnyama alale na njaa kabla ya kupewa dawa ya usingizi, jua amemchanganya na mbwa. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama kwa kukosa chakula ndio mwanzo wa msiba.

Gegedu lililokwisha halirudi. Kinachotibika ni maumivu, na hilo si jambo dogo. Dawa inayotumiwa zaidi kwa sungura ni meloksikamu, ambayo hupunguza uvimbe na maumivu. Mwili wa sungura huiondoa haraka kuliko wa mbwa, kwa hiyo usishangae daktari akiandika kipimo kinachozidi cha mbwa wa uzito huohuo, hajakosea. Unachotakiwa kuchunga ni chupa. Dawa ya maji ya mbwa huwa na miligramu 1.5 kwa kila mililita, wakati ile ya sindano ya ng'ombe ina miligramu 20. Mtu akiambiwa tu "mpe meloksikamu kidogo" naye akachukua ya ng'ombe dukani, amempa zaidi ya mara kumi. Figo za mzee hazistahimili. Kabla ya matumizi ya muda mrefu ni vizuri damu ipimwe kuona hali ya figo na ini, na maji yawepo wakati wote, tena kwenye bakuli zito na pana. Chupa ya kunyonyea inayoning'inia inamlazimisha kuinua shingo.

Sasa nisiume maneno kuhusu duka la dawa za mifugo la mtaani. Wauzaji wengi ni watu wema wanaowajua kuku na ng'ombe vizuri, na sungura wanamkisia. Deksamethasoni, ambayo baadhi yao huitoa kama dawa ya kila kinachochechemea, ni ya kundi ambalo sungura hulivumilia vibaya kuliko wanyama wengi: inaangusha kinga na kuathiri ini. Penisilini au amoksilini ya kumeza inaua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanachukua nafasi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache kwa dawa iliyokusudiwa kumponya. Dawa ya viroboto yenye fipronili, inayopakwa mbwa kila mwezi bila wasiwasi, kwa sungura ni sumu. Diklofenaki na ibuprofeni za kwenye kabati lako ziache humohumo. Yule mama wa Arusha naye aliuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama angeweza kumchua Pamba magoti kwa dawa yake ya kuchua, ile inayonukia kafuri. "Hapana mama," kijana akajibu, "atailamba yote mpaka iishe." Nadhani tayari alikuwa ameshamchua mara moja.

Maumivu yakizidi nguvu ya meloksikamu, daktari anaweza kuongeza gabapentini au tramadoli. Virutubisho vya glukosamini vinauzwa kwa bei ya kukaza moyo. Ushahidi kwamba vinasaidia sungura ni hafifu, na mimi ningenunulia fedha hiyo nyasi.

Nyasi ndizo zinazorudisha uzito mahali pake, na hakuna dawa inayofanya kazi vizuri juu ya mnyama mnene. Pamba alipanda mizani akaonyesha kilo 5.3, daktari alimtaka ashuke karibu na 4.5. Chakula kikuu cha sungura mzima ni nyasi kavu, na marobota ya boma rhodes yanayouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa yanamfaa kabisa mradi hayana ukungu wala vumbi. Ongeza ukoka, mchunga na majani ya matembele yaliyooshwa. Karoti, ambayo kila kitabu cha watoto kimemshikisha mkononi, ina sukari nyingi. Kipande cha ncha ya kidole kinatosha, ndizi hivyohivyo. Peleti zipunguzwe polepole, pumba na mkate viondoke. Lakini asikondeshwe kwa njaa. Mnene akikaa bila kula, mafuta yanakimbilia kwenye ini na kulizidi nguvu. Kushuka gramu 50 kwa wiki kwa mnyama wa kilo 5 ni mwendo mzuri, na mizani ya jikoni ya kuwekea unga, ikiwa inafika kilo hizo, inatosha kumfuatilia. Asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa wa dharura, hata kama ni Jumapili.

Marekebisho ya nyumba hayana gharama kubwa, na ndiyo yaliyombadilisha Pamba kwa haraka zaidi. Bibi alilikata beseni upande mmoja kwa kisu kilichopashwa moto, akaacha ukingo wa vidole viwili, akasugua makali kwa msasa. Ndani akaweka nyasi juu ya maranda yaliyokaushwa vizuri. Asubuhi iliyofuata vinyesi vilikuwa ndani.

Sakafu ndiyo inayofuata. Nyumba za mjini zimejaa vigae, na sungura hana nyama ya kukanyagia chini ya unyayo kama paka au mbwa. Ana manyoya tu. Juu ya kigae kila hatua ni kuteleza, na kila kuteleza kunavuta nyonga iliyokwisha kuuma. Tandika zulia kuukuu, au mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, kwa sababu atautafuna. Gunia la plastiki linalochambuka nyuzi usilitumie. Nyuzi zinaishia tumboni. Kama banda lina sakafu ya waya, funika sehemu kubwa kwa ubao na nyasi. Kama lina ghorofa, mshushe akae chini. Chakula na maji viwe hatua chache kutoka anapolala, ila visiwe puani kabisa, maana anahitaji kutembea. Kumfungia kwenye kizimba ili "apumzike" ni kosa la huruma: maungio yasiyotembezwa hukaza zaidi na misuli inayoyashikilia hunyauka. Saa kadhaa kila siku kwenye uwanja tambarare, ajiamulie mwendo.

Baridi ya Arusha, Njombe au Limuru kati ya Juni na Agosti inamkakamaza asubuhi. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa ndani ya kitambaa, iwekwe kona moja, inamsaidia, mradi awe na nafasi ya kuikimbia akitaka. Kwa wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hatari iko upande wa pili. Sungura hutoa joto zaidi kwa masikio, na hali ya hewa ikipita nyuzi 30 anaanza kutaabika. Kijana atahamia kivulini jua linapozunguka. Mzee mwenye nyonga mbovu atabaki palepale lilipomkuta, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kujua kivuli cha saa nane mchana kinaangukia wapi.

Halafu kuna nzi. Katika yote niliyoyataja hili ndilo linaloua kwa kasi zaidi, na ndilo linalosahaulika. Nzi hufuata harufu ya matako machafu, hutaga kwenye manyoya yenye unyevu, na kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza huanza kula ngozi, na kwa sungura ambaye hawezi kugeuka kujisafisha, siku mbili zinatosha kumaliza maisha yake. Mgeuze umwangalie asubuhi na jioni, ukiwa umekaa chini ili asianguke kutoka mbali, mkono mmoja kifuani na mwingine umebeba matako. Kinyesi kilichoganda kinyunyizie wanga wa mahindi, kiache kikauke, kisha kichambue kwa vidole taratibu. Ngozi ya sungura ni nyembamba na ukivuta inachanika. Palipoloa mkojo osha hapo tu kwa maji ya uvuguvugu, ukaushe kwa taulo mpaka pakauke kweli. Kumtumbukiza mzima kwenye maji kunaweza kumtia mshtuko. Ukiona funza hata mmoja, usingoje kesho.

Kucha zikatwe kila baada ya wiki chache, kwa mkasi wake maalumu, mbele ya mshipa wa damu unaoonekana wa waridi kwa wenye kucha nyeupe; kwa wenye kucha nyeusi tumia tochi kutokea nyuma. Nta ya masikioni aiondoe daktari. Na kama ana mwenzake waliozoeana, usiwatenganishe kwa sababu mmoja ni mgonjwa: mwenzake atamlamba uso, macho na masikio pale ambapo yeye mwenyewe hawezi.

Mnyama anayetunzwa hivi anaweza kupata mwaka, miwili, pengine zaidi, ya maisha anayoyafurahia. Pamba, wiki tatu baada ya kuanza dawa, alikuwa ameanza kujinyoosha ubavu juani, mkao ambao bibi alisema hakuwa ameuona tangu mwaka uliotangulia. Itafika siku dawa hazitoshi. Anaacha nyasi, hainuki hata kwa mchunga, anakaa juu ya mkojo wake licha ya usafi, siku mbaya zinazidi nzuri. Hapo mwambie daktari wazi kwamba unataka apumzishwe, na uulize atafanyaje. Utaratibu mzuri ni dawa ya usingizi kwanza, na ile ya mwisho baada ya mnyama kulala kabisa; akikwambia njia nyingine yoyote, tafuta daktari mwingine. Anayebaki, kama walikuwa wawili, aachwe na mwili wa mwenzake kwa muda kabla haujazikwa, kisha kwa siku kadhaa hesabu anachokula na anachotoa, kwa kuwa sungura aliyefiwa anaweza kususa chakula, na ile nusu siku ya dharura inamhusu yeye pia.